Tuhesabu Leseni Kabla ya Kubadili Kanzidata

(Hotuba iliyotolewa mjini Lushoto mbele ya watumishi wa umma na walimu. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya ukurasa huu.)



Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisikia siku mkaguzi anapofika au siku kompyuta inapogoma kufungua jalada. Jambo lenyewe ni leseni za programu, na hasa namna ya kuzihesabu pale ofisi inapotaka kuboresha kanzidata inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Najua kwamba jina hilo halivutii. Lakini ndani ya kanzidata hizo ndimo zilimo tarehe za kuajiriwa kwa walimu, madaraja yao, hesabu za wanafunzi, ushuru wa mazao na orodha ya wagonjwa. Mwalimu akistaafu baada ya kufundisha miaka 35 Mlalo au Mtae, mafao yake yanategemea kumbukumbu kusomeka. Ikiwa hazisomeki, atapanda na kushuka barabara ya Mombo mara nyingi akifuata haki ambayo ni yake.

Nianze na jambo la hapa hapa milimani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, Usambara Mashariki. Wataalamu wake walikausha mimea, wakaibandika kwenye karatasi, wakaandika kwa wino jina la mmea, mahali ulipookotwa na tarehe. Mkusanyiko huo ulihamishiwa Nairobi mnamo mwaka 1950, ukawa msingi wa hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki. Karatasi za aina hiyo mtu anaweza kuzisoma leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, bila kumwomba ruhusa mwenye kiwanda cha karatasi. Sasa chukueni jalada la kanzidata lililotengenezwa kwa Microsoft Access ya mwaka 1997. Programu hiyo hiyo ya Access, tangu toleo lake la mwaka 2013, hailifungui. Kumbukumbu ipo na diski ni nzima, ila mlango umefungwa. Ili kuufungua inabidi kutafuta toleo la zamani, ulibadili jalada hatua kwa hatua, na toleo hilo nalo lina leseni yake.

Hapo ndipo penye tofauti baina ya kununua kitu na kununua ruhusa. Mwalimu anaponunua kitabu, kitabu ni chake. Anaweza kukiazima, kukiuza au kumwachia mwanawe. Asichoruhusiwa ni kukipiga chapa upya na kuwagawia darasa zima, kwa kuwa haki ya kunakili ni ya mwandishi na mchapishaji. Programu nyingi za kompyuta zinakwenda mbali zaidi ya kitabu. Ofisi inapolipa, programu yenyewe haiwi mali yake. Kinachopatikana ni ruhusa ya kuitumia kwa masharti yaliyoandikwa: ni kompyuta ngapi, ni watu wangapi, kwa muda gani, na kwa kazi gani. Karatasi ya masharti hayo ndiyo leseni. Hapa nchini, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda kazi za waandishi na wanamuziki. Kwa hiyo anayenakili programu moja katika kompyuta kumi za ofisi kwa kisingizio kwamba ni mali ya umma, hakuna kipengele kinachomkinga.

Nchi yetu haikuanza jana kuhangaika na jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu zilizokuwa zikifanywa kwa kompyuta kuvurugika na fedha nyingi za kigeni kuwa zimetumika, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye kidogo kidogo. Wapo wanaoicheka leo. Mimi siicheki. Waliotoa amri ile waliona jambo la kweli, kwamba mashine ilikuwa imekuja pamoja na mafundi wake, vipuri vyake na masharti yake, na sisi tulibaki walipaji. Kosa lilikuwa kudhani kwamba dawa ni kuifungia mashine nje, badala ya kujifunza masharti yake hadi tuweze kuchagua.

Miaka mingi baadaye tulirudia somo lile lile kwa njia nyingine. Mwaka 1998 Serikali Kuu ilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kusimamia fedha uliotokana na programu ya kampuni ya Marekani, Platinum. Kampuni hiyo ilibadili jina mwaka 1999 ikaitwa Epicor, na kwa jina hilo ndivyo wahasibu wa wizara na baadaye wa halmashauri walivyoujua mfumo huo kwa miaka karibu ishirini. Sitaki kuubeza; ulileta nidhamu katika malipo. Lakini kila toleo jipya lilikuwa na gharama yake ya leseni na ya wataalamu wa kulifunga, na mwenye kuamua lini toleo la zamani limekwisha muda hakuwa Hazina. Leo malipo yanapita katika MUSE, mfumo uliotengenezwa na wataalamu wetu wenyewe. Mhasibu wa halmashauri anafungua ukurasa, anaingiza jina na neno la siri, anafanya kazi. Hakuna anayemwuliza kama leseni ya kiti chake imelipiwa.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi za wengi mlioko hapa ni wa afya. Wahudumu wa zahanati wanaujua MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanzishwa katika miaka ya 1990: vitabu vikubwa, mistari mingi, na jumla za kila mwezi. Ilipofika wakati wa kuziingiza jumla zile katika kompyuta, barani Afrika kulikuwa na programu iliyotengenezwa Afrika Kusini baada ya mwaka 1994 kwa ushirikiano wa wataalamu wa huko na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Iliitwa DHIS. Programu hiyo ilitolewa bure, na mwenye kutaka kuirekebisha aliruhusiwa. Zanzibar iliitumia kuanzia mwaka 2005. Hata hivyo palikuwa na jambo ambalo halikuonekana upesi. DHIS ya wakati ule ilikuwa imejengwa juu ya Microsoft Access. Programu yenyewe haikuuzwa, lakini haikuweza kusimama bila kitu kinachouzwa. Tena kila wilaya ilikuwa na jalada lake. Taarifa zilinakiliwa na kupelekwa mkoani, na huko zilipounganishwa ndipo ilipojulikana kwamba matoleo hayalingani.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 waandishi wa programu hiyo waliiandika upya. DHIS2 inakaa katika seva moja, watumiaji wanaifikia kwa kivinjari cha intaneti, na chini yake kuna kanzidata ya PostgreSQL ambayo nayo ni programu huria isiyodai malipo ya leseni. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuirekebisha kwa mahitaji yetu, na mwaka 2013 ilikuwa imeenezwa Tanzania Bara. Mtunza takwimu wa wilaya ya Lushoto akiongeza watumiaji watano, halmashauri haipelekewi ankara ya leseni tano. Kilichobaki kulipiwa ni seva, umeme, intaneti na watu wanaoijua. Narudia hilo la mwisho kwa makusudi: watu wanaoijua. Bila wao, programu ya bure inageuka kuwa ghali kuliko ya kununua.

Sasa tufike katika ofisi ya kawaida. Nitachukua ofisi ya mfano, isiyo ya mtu yeyote aliyemo humu. Ofisi hiyo ina kanzidata ya watumishi na shule iliyotengenezwa kwa Access ya mwaka 2010. Jalada liko katika kompyuta ya afisa takwimu, na kompyuta nyingine zinalifikia kwa waya wa ofisi. Jumla ya kompyuta ni 14. Kampuni iliacha kulihudumia toleo hilo tarehe 13 Oktoba 2020, kwa hiyo hakuna marekebisho ya usalama yanayotoka tena. Jalada linakaribia ukubwa wa gigabaiti 2, ambao ndio mpaka wa Access. Likifika hapo, haliongezi hata mstari mmoja. Mkubwa wa ofisi anaagiza: boresheni. Karani wa ununuzi anauliza: leseni ngapi? Na hapo, kwa desturi yetu, mtu anahesabu kompyuta kwa kidole, anapata 14, anaandika 14.

Hesabu hiyo huweza kuwa kubwa mno, au ndogo mno. Kwanza inatupasa kuwatenga watu kwa kazi zao. Katika ofisi yetu ya mfano, wanaojenga na kurekebisha kanzidata yenyewe, yaani majedwali, fomu na ripoti, ni 2: afisa takwimu na afisa TEHAMA. Wanaoingiza taarifa kila siku ni 6. Wanaosoma ripoti tu, wakiwemo wakuu wa idara, ni 11. Jumla ni watu 19 wanaotumia kompyuta 14, kwa sababu wengine hupokezana.

Wakiamua kubaki na Access, wanaohitaji Access kamili ni wale 2. Waliobaki wanaweza kutumia toleo la kuendeshea tu, linaloitwa Runtime, ambalo kampuni inalitoa bila malipo. Linafungua fomu na kuingiza taarifa, ila haliruhusu kubadili ujenzi. Nimeona ofisi ikinunua leseni kamili kwa kila meza wakati nyingi zake zingetosha na Runtime. Jambo la lazima ni kuigawa kanzidata sehemu mbili: majedwali yakae mahali pamoja, na kila kompyuta iwe na nakala yake ya fomu. Njia hii ni nafuu, na kwa ofisi ndogo yenye waya mzuri inatosha. Lakini haivuki mpaka wa gigabaiti 2, wala haifai kutumiwa kwa mbali kupitia mtandao unaokatika. Nanyi mnajua mvua za masika zinavyofanya na nguzo zetu kati ya Mombo na Soni.

Njia ya pili ni kuyahamishia majedwali katika seva ya kanzidata na kuziacha fomu za Access zilivyo. Kampuni ile ile inatoa SQL Server Express bila malipo. Mpaka wake, kuanzia toleo la 2008 R2 hadi la 2022, ni gigabaiti 10 kwa kila kanzidata, na haidai leseni kwa kila mtumiaji. Kwa ofisi yetu hiyo ni mara tano ya nafasi iliyopo. Lakini msishangilie upesi. Seva hiyo lazima ikae ndani ya kompyuta, na kompyuta hiyo ina mfumo wake wa uendeshaji wenye leseni yake. Ikiwa ni Windows ya kawaida ya mezani, masharti yake yanaruhusu vifaa visivyozidi 20 kuifikia. Vyetu ni 14, tumo ndani. Ikiwa ni Windows Server, basi kila kifaa au kila mtu anayeifikia anahitaji leseni ya kuifikia seva. Hii ndiyo leseni inayosahauliwa kuliko zote, kwa sababu haina boksi wala diski. Ni haki iliyoandikwa katika karatasi tu.

Njia ya tatu ni SQL Server ya kulipiwa, ile iitwayo Standard, na hapa hesabu inakuwa ya kuvutia. Inauzwa kwa namna mbili. Namna moja unalipia seva, kisha unalipia leseni kwa kila kifaa au kwa kila mtu, unachagua mwenyewe. Namna nyingine unalipia viini vya prosesa ya seva, visivyopungua vinne kwa kila prosesa, na watumiaji wakawa wengi watakavyo. Kwa bei ya orodha ya Marekani ya toleo la mwaka 2022, seva ilikuwa dola 989, leseni ya kifaa au mtu dola 230, na viini viwili dola 3,945. Ofisi yetu ikihesabu watu 19, italipa dola 5,359. Ikihesabu vifaa 14, italipa dola 4,209. Tofauti ya dola 1,150 inatokana na kujua tu kwamba watu wanapokezana viti. Kwa njia ya viini vinne ingelipa dola 7,890, jambo ambalo kwa ofisi hii ni ufujaji.

Lakini ngojeni. Mkurugenzi anataka waratibu elimu wa kata nao waingize taarifa moja kwa moja kwa vishikwambi. Tuseme waratibu ni 30. Vifaa sasa ni 44, na gharama kwa kuhesabu vifaa ni dola 11,109. Papo hapo njia ya viini, ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa ufujaji, inakuwa nafuu kwa zaidi ya dola 3,000. Njia hizo mbili hukutana kwenye leseni 30, ambapo tofauti ni dola moja. Chini ya hapo hesabu vifaa au watu. Juu ya hapo hesabu viini. Bei hubadilika mwaka hata mwaka na wauzaji wa hapa wana bei zao, kwa hiyo msizikariri takwimu hizi. Kukariri namna ya kuhesabu ndiko kunakofaa.

Hapa pana mtego ninaotaka walimu wa hesabu wausikilize. Fundi mmoja mwerevu atasema: tutengeneze ukurasa mmoja wa intaneti, waratibu wote 30 wapite humo, na ukurasa huo peke yake ndio uifikie seva, basi leseni ni moja. Masharti yameliona hilo zamani. Kinachohesabiwa ni watu au vifaa vilivyo mwanzo wa njia, hata wakipitia mlango mmoja. Ni kama mfereji wa maji katika mabonde yetu: kwa kuwa maji yanaingia kwa mlango mmoja, haina maana kwamba mashamba yanayonyweshwa ni moja. Lakini mratibu akileta takwimu zake katika karatasi, na karani akaziandika katika kompyuta, leseni inayohitajika ni ya karani tu. Karatasi haihesabiwi. Nasema hili bila mzaha, kwa kuwa kwa baadhi ya kazi zetu za mara moja kwa mwaka, karatasi iliyoandikwa vizuri ingali njia bora.

Njia ya nne ni programu huria, kama PostgreSQL au MariaDB, juu ya Linux. Malipo ya leseni ya seva ni sifuri, iwe watu 19 au 1,900. Mimi naegemea huku, sifichi. Lakini ni lazima niseme na upande wa pili. Fomu zilizojengwa kwa Access zitafanyiwa marekebisho, na baadhi zitaandikwa upya. Mtu anayejua kuitunza seva ya Linux lazima awepo, na awepo mtu wa pili siku wa kwanza akihamishwa kwenda Nzega. Tena neno huria lisitufanye tusisome karatasi. MySQL ilianza Sweden mwaka 1995, ikanunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 2008, na Sun ikamezwa na Oracle mwaka 2010. Mwanzilishi wake aliona wingu hilo mapema, akaanzisha tawi la MariaDB mwaka 2009. Waliokuwa wakiitumia hawakupoteza kitu, kwa sababu leseni huria haiwezi kunyang'anywa kwa toleo ulilo nalo tayari. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na ile ya kukodi.

Na kukodi ndiko tunakosukumwa sasa. Kampuni nyingi zinapendelea kuuza programu kwa malipo ya kila mwezi au kila mwaka. Mtu binafsi anaweza kuona ni nafuu. Kwa halmashauri nina mashaka, na mashaka yangu yanatokana na kalenda. Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na sote tunajua kwamba fungu lililopitishwa na fungu lililofika ni vitu viwili. Leseni ya kukodi ikiisha kabla fedha hazijafika, programu za ofisi za aina hiyo hukuruhusu kusoma na kuchapa, ila hukuzuia kurekebisha. Maana yake kanzidata ya umma itasimama kwa sababu malipo yamechelewa. Aidha programu hizo hutaka kuunganishwa na intaneti walau mara moja kwa mwezi ili zijihakikishe. Shule iliyo bondeni isiyo na mtandao haina njia ya kujihakikisha. Mahali ambapo kununua mara moja kunawezekana, nashauri kununua mara moja.

Zipo pia kompyuta za msaada. Milima yetu ina marafiki wengi, na shule kadhaa hupokea kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Zikija, tuzipokee kwa shukrani, kisha tuulize karatasi. Windows iliyouzwa pamoja na kompyuta kiwandani hufungamana na kompyuta hiyo. Kompyuta ikifa, leseni nayo imekufa, haihamii kwenye nyingine. Tena Windows 10, ambayo imejaa katika mashine za namna hiyo, iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi kati ya mashine hizo hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa maabara ya shule, Linux inaweza kuzipa uhai wa miaka mingine. Lugha nayo isiwe kisingizio: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na kazi ile ilionyesha kwamba maneno tunayo.

Ndugu Mwenyekiti, siwezi kulikwepa suala la nakala za magendo, zile zinazofunguliwa kwa funguo za wizi na kuuzwa kwa bei ya soda. Wanaozitumia si wezi wote; wengi ni watumishi walioambiwa kazi iishe kesho bila kupewa fungu. Lakini nakala ya namna hiyo aghalabu huzimiwa masasisho ili isigunduliwe. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga majalada ya ofisi na hospitali katika nchi nyingi, na kilipita kwenye kompyuta ambazo hazikuwa zimewekewa marekebisho yaliyotolewa miezi miwili kabla. Ofisi yenye kanzidata moja ya pamoja ikipatwa na jambo hilo, haipotezi kazi ya mtu mmoja. Na siku hizi sheria inauliza zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sitamani kuwa mkuu wa ofisi atakayeeleza kwamba taarifa za wanafunzi zilikuwa katika programu ya wizi.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu namna ya kuamua. Wazee wa Mlalo wanajua habari ya matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, utawala wa Kiingereza uliamua kwamba milima ya Usambara itaokolewa kwa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta kwa kipimo kilichowekwa ofisini. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini waliopanga hawakuwauliza wenye majembe, ambao wengi walikuwa akina mama, ni kazi kiasi gani na shamba litabaki na nini. Wananchi waliukataa mpango huo, ukaachwa kabla ya Uhuru. Ninaona mifumo ya kompyuta ikiletwa kwa namna hiyo hiyo: imeamuliwa juu, imefungwa kwa siku mbili, na karani wa masjala anaambiwa asaini kwamba amefundishwa. Anayeingiza taarifa kila siku ndiye anayejua ni watu wangapi hasa wanaofungua kanzidata, nani anatumia neno la siri la mwenzake, na ni kompyuta ipi iliyokufa tangu mwaka juzi ingawa bado imo katika orodha. Hesabu ya leseni isiyoanzia kwake ni hesabu ya kubahatisha.

Kwa ofisi za umma utaratibu upo. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi ya kusimamia mifumo, na taasisi inapaswa kuiwasilisha miradi yake ya TEHAMA huko kabla ya kuitekeleza. Wengine wanaliona hilo kama kero. Lakini inawezekana kabisa kwamba mfumo unaotaka kuununua umekwisha kujengwa na wenzako, kama mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, PReM, ambao mwalimu mkuu anaufikia bila shule yake kununua leseni ya kanzidata yoyote. Kabla ya kuomba fungu, ulizeni kama kanzidata yenu inarudia kazi iliyokwisha kufanywa.

Niliulizwa kabla ya kikao leseni zitunzwe wapi. Jibu langu ni kwamba zitunzwe pale zinapotunzwa stakabadhi za mali nyingine. Afungue mtunza ghala daftari moja: jina la programu na toleo lake, imenunuliwa lini na kwa hati gani ya malipo, inahesabiwa kwa kifaa au kwa mtu au kwa kiini, iko katika kompyuta yenye namba ipi, na tarehe ambayo mwenyewe ataacha kuihudumia. Nakala ya masharti ibandikwe nyuma, ile ya siku ya ununuzi, kwa kuwa masharti ya kwenye tovuti hubadilika. Daftari hilo likaguliwe kila mwezi Januari, wakati makisio ya bajeti yanaandikwa, si mwezi Juni. SQL Server ya mwaka 2016, kwa mfano, tarehe yake ya mwisho ilitangazwa kuwa 14 Julai 2026, wiki mbili baada ya mwaka wa fedha kuanza. Aliyeiona tarehe hiyo mapema aliweza kuiombea fungu, na ambaye hakuiona alibaki akitafuta fedha ambazo hazikukasimiwa.

Walio na hesabu za ofisi zao wazilete baada ya chai, tuzifanye pamoja ubaoni.